Nilikosa penati moja nikaacha mpira, hawa walikosa mbele ya dunia nzima wakarudi

Mwaka 2002 nilikuwa na miaka 16, fainali ya mashindano ya shule, tumetoka sare tukaenda kwenye matuta, yaani zile penati za kuamua mshindi, na mimi ndo nikapiga ya mwisho. Nikapaisha. Kipa wala hakuhangaika, mpira ulipita juu ya mtambaa panya, ile nguzo ya juu ya goli, akausindikiza kwa macho tu, na mpaka leo kelele za waliokuwa wanashangilia sizikumbuki, nakumbuka mgongo wa kapteni wetu anatoka uwanjani bila kugeuka. Hakunisemesha siku ile, hakunisemesha wiki ile, mpaka tunamaliza shule ni salamu za mbali tu. Nikasema naacha mpira. Watu wakadhani ni hasira za siku mbili, ikawa miaka ishirini.

Kuangalia lakini sikuacha. Nimeangalia mpira miaka yote hiyo kuliko hata watu wanaocheza, ila macho yangu yalibadilika. Goli likiingia wenzangu wanamwangalia mfungaji, mi namtafuta aliyekosa, kakaa wapi, kajifunika jezi usoni au la, nani kamfuata, nani kapita pembeni yake kama hamuoni. Na nilianza kurudi nyuma kwenye mechi za zamani nikitafuta watu kama mimi, kwa sababu nilikuwa nataka kujua mtu anaishije baada ya pale.

Wa kwanza alikuwa Roberto Baggio, maana yule nilimuona nikiwa na miaka 8. Fainali ya Kombe la Dunia 1994, Rose Bowl kule Pasadena, Italia na Brazil dakika 120 bila goli, penati ya tano ya Italia anakuja Baggio na ule mkia wake wa nywele, anapaisha, kisha anasimama pale pale mikono kiunoni ameinamisha kichwa huku Brazil wanakimbia kila upande. Kaka yangu aliyekuwa ananifundisha mpira aliniambia "huyo ndo kawafungisha Italia", na mi nikaibeba hiyo sentensi kama ukweli kwa miaka mingi sana.

Sasa nilipokuja kuiangalia tena mechi ile nikiwa mtu mzima nikaona vitu ambavyo hakuna aliyekuwa anavisema. Franco Baresi alikuwa ameshapaisha ya kwanza kabisa, Baresi ambaye alifanyiwa operesheni ya goti katikati ya mashindano yale yale akarudi kucheza fainali, Daniele Massaro naye yake ilidakwa na Taffarel. Yaani Baggio anaweka mpira pale Italia imeshakosa mbili kati ya nne, na hata angefunga bado Brazil walikuwa na mpigaji wao wa tano, Bebeto, hajapiga. Penati ya Baggio haikuwa ya kushinda kombe, ilikuwa ya kubaki hai tu kwa sekunde kadhaa. Na huyo huyo ndo aliyewafikisha pale, dakika ya 88 dhidi ya Nigeria Italia iko nyuma 1-0 na wako kumi uwanjani akasawazisha, akaongeza la pili kwa penati kwenye muda wa nyongeza, akawafunga Hispania, akaweka mbili dhidi ya Bulgaria nusu fainali. Magoli matano kwenye mechi tatu za mtoano alafu tunamkumbuka kwa mpira mmoja uliopita juu.

Kilichonimaliza kabisa ni mwaka 1998. Mechi ya kwanza ya Italia kule Bordeaux, Chile wanaongoza 2-1, dakika zinaisha, Baggio anapiga mpira unamgonga beki mkononi, refa anaweka penati. Unaona alivyoinama pale ameshika magoti, unajua kabisa anawaza nini, na mtu mwingine angeweza kuitwa, timu ile ilikuwa imejaa wapigaji. Akaenda yeye. Akafunga, 2-2. Alafu robo fainali na Ufaransa wakaenda tena kwenye matuta, na mpigaji wa kwanza wa Italia alikuwa nani? Yeye, na akafunga. Italia wakatolewa siku ile baada ya Di Biagio kugonga mtambaa panya, ndo historia ya nchi ile na penati miaka ile.

Mi wakati Baggio anafanya hivo nilikuwa na miaka 12, nilimuona, na bado miaka minne baadae yaliponikuta mimi sikukumbuka hata kidogo. Hiyo imenifundisha kwamba kuona kitu na kukielewa ni safari mbili tofauti.

Nilipokuwa kwenye kipindi kibaya zaidi nilikuwa nasoma sana habari za Moacir Barbosa, na sijui kama ilikuwa inanisaidia au inaniumiza. Barbosa alikuwa kipa wa Brazil 1950. Tarehe 16 Julai, Maracanã, watu karibu laki mbili, Brazil wanahitaji sare tu na Uruguay wawe mabingwa maana mwaka ule hakukuwa na fainali rasmi, ilikuwa kundi la mwisho. Friaça akawapa Brazil goli, Schiaffino akasawazisha kwa krosi iliyotoka kwa winga Ghiggia, na dakika ya 79 Ghiggia huyo huyo akapita tena upande ule ule wa kulia. Barbosa akafikiri anapiga krosi kama mwanzo, akasogea hatua kidogo kuiwahi, Ghiggia akapiga kwenye upenyo mdogo kati ya kipa na nguzo ya karibu. Uruguay 2-1. Ukiangalia kwa utulivu, kipa yule alifanya kile ambacho kipa yeyote mwenye akili angefanya, alisoma mchezo kutokana na goli lililotangulia. Lakini Brazil walihitaji mtu wa kumpa mzigo, na walimpa yeye maisha yake yote. Mwenyewe alikuwa anasema kwamba adhabu kubwa kabisa kwa sheria za Brazil ni miaka 30 na yeye ameshatumikia karibu hamsini kwa kosa ambalo si lake peke yake. Alifariki mwaka 2000. Jezi nyeupe waliyovaa siku ile waliitupa wakaja na ya njano, ila Barbosa hawakumsamehe. Hii inaniuma mpaka naandika sasa.

Na kuna Andrés Escobar, beki wa Kolombia, alijifunga dhidi ya Marekani tarehe 22 Juni 1994 akijaribu kuzuia krosi, siku kumi baadae akauawa kwa risasi Medellín, ana miaka 27. Sina la kuongeza pale. Kila nikisikia mtu anasema kwa utani kwamba mchezaji fulani asirudi nyumbani baada ya kukosea, moyo wangu unasimama.

Turudi kwenye penati. Tarehe 2 Julai 2010, Soccer City, Johannesburg, nadhani kila anayesoma hapa anajua alikuwa wapi. Ghana na Uruguay, robo fainali, hakuna timu ya Afrika iliyokuwa imewahi kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia, Kamerun ya 1990 iliishia robo kwa England 3-2, Senegali 2002 iliishia robo kwa Uturuki. Muntari alipiga kombora la mbali kabla ya mapumziko, Forlán akarudisha kwa frikiki, 1-1 mpaka dakika ya 120, kichwa cha Adiyiah kinaelekea wavuni Luis Suárez anakitoa kwa mikono akiwa juu ya mstari. Kadi nyekundu, penati, na ndo mpira wa mwisho wa mechi. Asamoah Gyan. Akagonga mtambaa panya mpira ukaruka juu, na kamera ikamuonesha Suárez kwenye njia ya kutokea anashangilia.

Mimi niliondoka mbele ya tivii. Sikuweza. Nilikuwa nimekaa nje najua kabisa kile kinachotokea ndani ya kifua cha yule kijana, nikawa najiambia kaisha, huyu hatacheza tena, atakuwa kama mimi. Niliposikia watu wanapiga kelele ndani nikarudi kuuliza nini, wakaniambia matuta yameanza na mpigaji wa kwanza wa Ghana ni Gyan.

Wa kwanza! Dakika chache tu tangu avunje mioyo ya bara zima, badala ya kujificha nyuma ya wenzake kaenda wa kwanza, kaweka mpira pale pale, kapiga juu kona kabisa, kipa wa Uruguay Muslera hakuona kitu. Nimeiangalia ile penati ya pili mara nyingi sana kuliko ile ya kwanza na nashangaa kwanini haioneshwi. Ghana ikatoka 4-2, waliokosa kwenye matuta ni John Mensah na Adiyiah, na Abreu wa Uruguay akamaliza kwa kuchopa katikati kama alivyofanya Antonín Panenka kwenye fainali ya Ulaya ya 1976. Lakini muulize mtu yeyote nani aliikosesha Ghana nusu fainali, utasikia jina moja. Mwaka 2012 akakosa tena nyingine, nusu fainali ya Afcon, Kombe la Mataifa ya Afrika, dhidi ya Zambia, kipa Mweene akaidaka, Ghana wakatolewa 1-0. Wakamsema mpaka akajiweka pembeni na timu ya taifa kwa muda. Akarudi. Kombe la Dunia 2014 akawafunga Ujerumani, akawafunga Ureno, akafikisha magoli sita ya Kombe la Dunia ambayo hakuna Mwafrika aliyefikisha kabla yake, na kwa Ghana amemaliza na 51.

Hapo ndo nilianza kujisikia vibaya kwa namna nyingine. Nilikuwa nimezoea kufikiri hawa watu walirudi kwa sababu ni mastaa, wana hela, wana makocha wa akili na saikolojia, mi nilikuwa mtoto tu wa shule. Lakini nikiwa mkweli uzito wao ulikuwa mara milioni ya wa kwangu. Mimi waliniona watu mia tatu.

Afcon ile ile ya 2012 ilinipa kingine. Fainali Libreville, Zambia na Kodivaa, na Libreville ndo mji ambao ndege ya timu ya Zambia ilianguka baharini Aprili 1993, watu 30 wakafa, wachezaji 18 ndani yake, na Kalusha Bwalya akabaki hai kwa sababu alikuwa anacheza Ulaya na angesafiri kivyake. Kabla ya fainali vijana wakaenda ufukweni kuweka maua. Kalusha yupo, safari hii kama rais wa chama chao cha soka. Dakika ya 70 Didier Drogba wa Kodivaa anapewa penati, anapaisha. Mechi ikaisha 0-0 wakaenda kwenye matuta, ambayo wapigaji saba wa mwanzo kila upande walifunga wote, hata kipa Mweene alipiga akafunga, na Drogba naye akapiga yake akafunga. Baadae Kolo Touré akakosa, Kalaba wa Zambia akakosa, Gervinho akakosa, Stoppila Sunzu akamaliza, 8-7. Kocha Hervé Renard akambeba mikononi Joseph Musonda aliyeumia mapema kwenye mechi akampeleka kwa wenzake wanakoshangilia. Nililia, sioni aibu kusema. Ila nilikuwa namuwaza pia Drogba, na miezi mitatu baadae Munich, fainali ya klabu bingwa Ulaya, Chelsea na Bayern, akasawazisha dakika ya 88 na penati ya mwisho iliyoleta kombe akapiga yeye.

Kuna wengine nitawapitia haraka. Gareth Southgate alikosa Wembley 1996 nusu fainali na Ujerumani, akaja kuwa kocha wa England, na 2018 timu yake ikaitoa Kolombia kwa matuta. Fainali ya Ulaya iliyochezwa 2021 vijana wake watatu wakakosa, Rashford, Sancho na Saka, na Saka alikuwa na miaka 19 tu, wakatukanwa matusi ya rangi mitandaoni usiku mzima. Southgate alimkumbatia yule mtoto kwa muda mrefu, na nadhani pale uwanjani hakukuwa na mtu mwingine mwenye haki zaidi ya kumkumbatia. Ulaya 2024 Saka akapiga tena kwenye matuta dhidi ya Uswisi, akafunga. Mbappé naye alikosa ya mwisho dhidi ya Uswisi hao hao 2021, mwaka uliofuata kwenye fainali ya Kombe la Dunia pale Lusail akampiga penati tatu kipa mmoja siku moja, mbili kwenye mechi na moja kwenye matuta, zote ndani. Messi mwenyewe alikosa fainali ya Copa América 2016 na Chile akatangaza kuacha timu ya taifa. Huyo nilimuelewa kabisa. Tofauti ni kwamba yeye alirudi baada ya wiki kadhaa tu.

Lakini aliyenirudisha mimi ni Aliou Cissé.

Februari 2002, Bamako, fainali ya Afcon, Senegali na Kamerun, 0-0, matuta. Cissé ndo nahodha, anapiga ya mwisho ya Senegali, anakosa, Kamerun bingwa 3-2. El Hadji Diouf na Amdy Faye walikuwa wamekosa pia, lakini ya mwisho ndo inayobaki vichwani. Miezi mitatu baadae nahodha huyo huyo anaongoza timu Seoul, Papa Bouba Diop anafunga, Ufaransa bingwa wa dunia kalala 1-0 mechi ya ufunguzi. Mimi yangu nilikosa baadae mwaka huo huo wa 2002, kwahiyo kila nikimuona Cissé nilikuwa nahesabu, mimi na huyu tuna miaka sawa tangu tukose.

Akawa kocha wa Senegali 2015. Kombe la Dunia 2018 wakatolewa kwa wingi wa kadi za njano tu, wamelingana na Japani kila kitu. Afcon 2019 wakafika fainali, Algeria wakawafunga 1-0 kwa goli la dakika ya pili. Mi nikasema huyu bwana mpira haumtaki. Yeye akaendelea.

Tarehe 6 Februari 2022, Yaoundé, fainali tena, Misri. Dakika ya 7 Senegali wanapata penati, Sadio Mané anapiga kwa nguvu, Gabaski anaipangua. Kamera ikaenda kwa Cissé, na mimi niliyekuwa nimekaa peke yangu nilisimama, kwa sababu niliona kabisa historia inajirudia kwa mtu yule yule. Dakika 120 bila goli. Matuta. Na mpigaji wa mwisho anayekuja, kama akifunga wanachukua kombe kwa mara ya kwanza katika historia yao, ni Mané, aliyekosa mwanzo wa mechi, mbele ya kipa yule yule. Kocha ambaye alikosa ya mwisho miaka ishirini nyuma kamkabidhi ya mwisho mtu aliyekosa saa mbili na nusu zilizopita. Mané akapiga, 4-2.

Nilikaa muda mrefu sijazima tivii. Alafu simu ikatoa mlio, ujumbe kutoka namba nisiyoijua. Alikuwa kapteni wetu wa shule. Alikuwa ameandika hivi, nimeutunza mpaka leo: "Mdogo wangu, nimemuona Mané nimekukumbuka wewe. Ile ya mwisho ilikuwa yangu. Kocha aliniandika mimi wa tano, nikamwambia paja linauma. Halikuwa linauma."

Nikampigia. Mwanzoni hakuna aliyeongea. Baadae akaniambia kwanini aliondoka bila kugeuka, kwamba hakuwa amenikasirikia, alishindwa kuniangalia usoni, na kila siku iliyopita ikawa inafanya siku inayofuata iwe ngumu zaidi mpaka shule ikaisha. Mimi miaka yote nilijua nilipewa ya tano kwa sababu waliniamini, kumbe nilipewa kwa sababu kocha alinigeukia mimi nikasema sawa. Na kuna kingine alichoniambia ambacho nilikuwa nimekifuta kabisa kichwani: "Kwani unasahau wa pili na wa tatu nao walikosa?" Nilikuwa sikumbuki. Naapa nilikuwa sikumbuki. Mi niliyekuwa nahesabu za Baresi na Massaro, za Mensah na Adiyiah, za Diouf na Faye, timu yangu mwenyewe nilikuwa sijawahi kuihesabu.

Tuliongea zaidi ya saa moja. Mwisho akaniambia wana timu ya maveterani wanafanya mazoezi Jumapili asubuhi, nije na viatu.

Nilienda. Baada ya mazoezi wenzetu walipoanza kuondoka yeye akaenda kusimama golini bila glovu. Nilipiga kumi, nikafunga saba, mbili akazidaka, na moja ikapita juu kabisa kama ile ya 2002 ikaangukia mbali nyuma ya goli, akaifuata mwenyewe hadi huko akanirudishia.